UZI: Mti mmoja wa Witu, na maswali ya kuwauliza waheshimiwa

1. Mjadala wa ardhi na maendeleo ukianza Lamu, hoja ni zile zile. "Miti ama watu?" "Si tunapanda mingine?" "Hayo ni mambo ya wazungu." Leo tuchukue mti mmoja tu tuzipime nao hizo hoja. Hatutaji mtu wala chama. Twende.

2. Mti wenyewe kitaalamu unaitwa Euphorbia tanaensis. Ni ndugu wa mnyaa, ule tunaopanda kuwa ua, ukivunja tawi unatoa utomvu mweupe. Lakini huu ni mti mkubwa wa msituni, kwenye nyanda za chini za pwani. Makao yake yanayojulikana ni Msitu wa Witu. Witu iko kaunti ya Lamu, ila upande wa bara, sio visiwani Amu wala Pate.

3. Imebaki mingapi? Mwaka 2012, IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, pamoja na jumuiya ya wanazuolojia ya London walitoa orodha ya spishi 100 zilizo karibu zaidi kutoweka duniani. Mti wa Witu umo. Hesabu iliyoandikwa pale: miti 4 iliyokomaa. Minne! Sababu zilizotajwa: ukataji haramu, mashamba kupanuka na miundombinu.

4. Wengine wanadhani "hatarini kutoweka" ni maneno ya kutia huruma tu. La, ni kipimo. IUCN wana vigezo kadhaa. Kwa kigezo cha idadi peke yake, mimea iliyokomaa ikiwa chini ya 1,000 iko ngazi ya kwanza ya hatari. Chini ya 250, ngazi ya pili. Chini ya 50, ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Sasa piga hesabu: ikiwa ni minne, ukianguka mmoja, robo imekwenda. Kazi ya asubuhi moja tu kwa mtu mwenye msumeno.

5. Hapa ndipo wengi hukosea kwenye mijadala: "Si uko kwenye orodha nyekundu? Basi umelindwa." Hapana. Orodha ya IUCN sio sheria ya Kenya. Haimfungi mtu, haisimamishi tingatinga. Ni ushahidi. Na ushahidi haufanyi kazi mpaka mtu aubebe aupeleke panapoamuliwa.

6. Panapoamuliwa ni wapi? Chukua Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kifungu cha 34. Anayetaka mpaka wa msitu wa umma ubadilishwe lazima apeleke ombi Bungeni, na ombi lionyeshe kwamba halitahatarisha spishi adimu au zilizo karibu kutoweka. Umeona? Mti mmoja unaweza kuziba njia ya mtu anayetaka kumega msitu. Lakini kama hakuna aliyeutaja, ombi litapita kana kwamba mti haupo.

7. Na msidhani wanaotaka misitu hawakisomi kifungu hicho. Mwaka 2021 uliletwa mswada wa kuyaondoa masharti haya. Wananchi na mashirika wakapiga kelele, na haukupita. Lililojaribiwa mara moja linaweza kujaribiwa tena.

8. Hoja ya pili: "Tunapanda miti bilioni 15 kufikia 2032." Vizuri, tupande. Katiba nayo, ibara ya 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Lakini asilimia haiulizi ni mti gani. Unaweza kujaza mikaratusi nchi nzima, ukafikisha 10, na mti wa Witu ukawa umekwisha. Ibara hiyo hiyo ya 69 inataka pia uanuwai wa viumbe ulindwe. Kwenye jukwaa utasikia ile sehemu ya asilimia. Hii ya pili, nadra.

9. Hoja ya tatu, na hii ni nzito: "Miti ama watu?" Tusidanganyane, Lamu jeraha la ardhi ni la kweli. Kuna watu wamekaa vizazi na vizazi bila hatimiliki, halafu wakaona mipango ya makazi na bandari vikipita juu yao. Anayelima ukingoni mwa msitu kwa kukosa pengine sio adui wa mti. Muulizeni mheshimiwa anayeahidi kugawa msitu: hatimiliki za ardhi ambayo watu tayari wanaishi ziko wapi? Kuahidi msitu ni rahisi kuliko kumaliza kesi za mashamba.

10. Na sheria haisemi watu watoke. Inaruhusu jumuiya za watumiaji wa msitu kusajiliwa na kuingia mkataba na KFS: asali, dawa za miti shamba, nyasi, kuni. Waaweer wa Pandanguo hawahitaji kufundishwa na mtu thamani ya mzinga. Watu wenye faida halali ndani ya msitu ndio walinzi wake wa kwanza.

11. "Mambo ya wazungu." Hebu turudi 1890. Mjerumani Andreas Küntzel alikuja Witu na wenzake kutaka mbao za kufanyia biashara. Sultani Fumo Bakari hakumruhusu. Ugomvi ukaishia kwa Küntzel na wenzake kuuawa, na Oktoba mwaka huo Waingereza wakauchoma mji wa Witu. Kwa hiyo anayekwambia kuuliza "nani anakata msitu huu na kwa ruhusa ya nani" ni fikra ya kigeni, mkumbushe nani alikuwa mgeni siku hiyo.

12. Je, mwananchi ana uwezo? Anao. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Na Lamu wameshafanya: Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

13. Basi akija mheshimiwa barazani kwenu, muulizeni matatu:
• Miti hii imehesabiwa mara ya mwisho lini, na nani?
• Mradi huu unaoupigia debe, tathmini yake ya mazingira inautaja?
• Likija ombi la kubadilisha mpaka wa Witu, utapiga kura gani?

14. Akijibu "miti ama watu", mjue hajajibu. Sambaza uzi huu umfikie mtu wa Witu. Yeye ndiye aliye karibu kuliko sisi sote.