Danieli naye aliketi darasani miaka mitatu

Somo la tafakari: Danieli 1:3-20

Kila ifikapo Oktoba, katika matangazo ya kanisani halikosi tangazo hili: Jumapili fulani itakuwa ibada ya kuwaombea vijana wetu wa kidato cha nne. Siku ikifika, watoto huitwa mbele na sare zao za shule, kalamu na rula mkononi. Wazazi husimama nyuma yao. Mchungaji au padri huomba, kwaya huimba, na mama mmoja au wawili hufuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hivyo ndivyo ilivyo Sengerema mjini, ndivyo ilivyo Busisi, Katunguru na Nyamatongo, na ndivyo ilivyo katika parokia, sharika na mitaa mingi ya nchi hii.

Ni ibada njema na isiachwe. Ila leo naomba tujiulize, mpendwa msomaji: tunapomwekea mtoto mkono kichwani kwa ajili ya mtihani wa Kemia, tunamwomba Mungu afanye nini hasa? Afanye ndani ya saa tatu za chumba cha mtihani kile ambacho hakikufanyika kwa miaka minne? Au abariki kazi ambayo mtoto, mwalimu, mzazi na kanisa wamekwisha kuifanya?

Nimeitaja Kemia kwa makusudi. Ni somo ambalo wanafunzi wengi hulikimbia mapema, wakisema lina hesabu za moli zisizoeleweka na majina ya ajabu ajabu. Lakini ni mlango. Kijana anayetaka kusomea uuguzi au utabibu katika ngazi ya diploma huulizwa kwanza kama ana angalau D ya Kemia. Na D katika mtihani wa kidato cha nne huanzia alama 30. Mahali penye hospitali kubwa iliyoanzishwa na kanisa kama Sengerema, hatuhitaji kuelezwa thamani ya muuguzi. Anayempokea mjukuu wako usiku wa manane aliwahi kuketi mbele ya mtihani huo. Tofauti ya alama 29 na 30 inaweza kuamua kama atavaa sare nyeupe au la.

Jaribio la siku kumi

Turudi kwenye Maandiko. Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliotekwa kutoka Yuda na kupelekwa Babeli. Mfalme Nebukadneza aliagiza wafundishwe lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, kisha wasimame mbele yake. Kwa maneno ya leo, walipewa mtaala, muda wa kozi na tarehe ya mtihani wa mwisho.

Wengi tunakumbuka kuwa Danieli alikataa chakula cha mfalme. Tunasahau namna alivyofanya. Hakugombana na msimamizi. Alipendekeza jaribio: wapewe mboga na maji kwa siku kumi, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme. Kundi moja lilikula hiki, lingine kile, muda ukapangwa, mwisho matokeo yakatazamwa. Mwalimu yeyote wa sayansi angempa alama kwa mpango huo.

Kisha Biblia inasema kuwa Mungu aliwapa vijana wale wanne maarifa na ujuzi. Tuisome kwa makini sehemu hiyo. Mungu ndiye aliyewapa, hapo hakuna ubishi. Lakini ile miaka mitatu haikupunguzwa hata siku moja. Mungu hakuwaondolea darasa. Aliwabariki wakiwa ndani ya darasa. Mfalme alipowahoji aliwaona bora mara kumi kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme wake. Ufaulu wao ulikuwa zawadi ya Mungu, na zawadi hiyo ilipitia katika vitabu, tena vya lugha ya kigeni. Mtoto wa Sengerema aliyekua na Kisukuma au Kizinza, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa anajibu Kemia kwa Kiingereza, ana ndugu yake katika Danieli.

Mwalimu aliyepita hapa

Sengerema ina historia yake na somo hili. Kati ya mwaka 1982 na 1983, Shule ya Sekondari Sengerema ilikuwa na mwalimu kijana wa Kemia na Hisabati aliyesomea ualimu Mkwawa, Iringa. Jina lake John Pombe Magufuli. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi ya ukemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza, na mwaka 2009, akiwa waziri tayari, akapata shahada ya uzamivu katika Kemia. Tangu chaki ya Sengerema hadi shahada hiyo ilipita zaidi ya miaka 25.

Leo anayetoka Mwanza kwenda Sengerema hupita juu ya daraja lenye jina lake, kati ya Kigongo na Busisi, takribani kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Jiwe la msingi aliliweka Desemba 2019. Alifariki dunia 17 Machi 2021, na daraja lilifunguliwa 19 Juni 2025. Wanaokumbuka foleni ya kivuko, gari la wagonjwa likisubiri zamu na ndizi zikiiva juu ya lori, wanajua daraja hilo limeokoa nini. Lakini kabla hatujaona barabara ya kupita, mafundi walikuwa wanahangaika na misingi ya nguzo chini ya maji, mahali ambapo jicho la msafiri halifiki.

Maandalizi ya mtihani yako hivyo hivyo. Sehemu kubwa yake haionekani. Ni mtoto kurudia hesabu moja ya moli mara ya tano akiwa peke yake. Hakuna anayempigia makofi.

Anachofundisha mtungi wa asidi

Mtihani wa Kemia una karatasi ya nadharia na ya vitendo. Ya vitendo ndiyo inayofichua nani alijiandaa. Mtahiniwa hupewa asidi, alkali, bureti, pipeti na kiashiria. Anadondosha asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone hadi rangi ibadilike. Kama kiashiria ni kile wanafunzi wanachokiita POP, rangi ya waridi itatoweka. Kama ni MO, manjano itageuka kuelekea nyekundu. Tone moja la ziada linatosha kuharibu kipimo.

Kuna mambo mawili hapo yanayofaa hata mimbarini. La kwanza, bureti husuuzwa kwanza kwa asidi ile ile itakayowekwa ndani. Maji yakibaki humo, asidi itazimuliwa na majibu yote yatapotoka, hata kama mwanafunzi atafanya hesabu zake bila kosa. La pili, kipimo cha kwanza ni cha kujaribia. Huandikwa kwenye jedwali, lakini hakiingizwi katika wastani. Wanaotunga mitihani wanajua kuwa mkono wa mtu huhitaji kujaribu kwanza. Mzazi anayemtukana mtoto kwa kuanguka mtihani wa majaribio wa mkoa au wilaya angejifunza kwa hilo. Majaribio ni ya kuonyesha pengo lilipo wakati bado kuna muda wa kuliziba.

Upande mwingine wa vitendo ni kutambua chumvi isiyojulikana. Hapa kishawishi kikubwa ni kuandika kilichotarajiwa badala ya kilichoonekana. Mwanafunzi amekariri kwamba jibu lazima liwe karbonati, basi anaandika aliona mapovu hata kama hakuyaona. Yule kipofu aliyeponywa katika Yohana 9 alipobanwa na wakubwa hakuongeza neno: alisema alichokijua, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Huo ndio ushahidi wa kweli, mahakamani, kanisani na maabara.

Na wale ambao maabara yao ina rafu bila kemikali? Mwaka 2014 wananchi walichangishwa nchi nzima kujenga vyumba vitatu vya maabara kwa kila sekondari ya kata. Kuta zilisimama, na kazi ya kuzijaza vifaa haimalizwi kwa mchango wa mara moja. Lakini mwanzo unaweza kufanyika jikoni. Kamulia ndimu juu ya magadi, utaona mapovu: hiyo ndiyo dalili ya karbonati inapokutana na asidi. Chemsha rozela, gawa maji yake katika glasi mbili, moja weka ndimu na nyingine magadi. Ya ndimu itabaki nyekundu, ya magadi itageuka kuelekea kijani au bluu. Hicho ni kiashiria, na kinauzwa sokoni. Mama anayetengeneza sabuni kwa mafuta na kostiki soda, akipima kwa uangalifu kwa sababu anajua inavyounguza, asiseme hajui Kemia. Akae na mwanawe amweleze anachofanya.

Mizani ya udanganyifu

Sasa tuseme lile linalotuuma. Kila msimu wa mitihani huja mtu akinong'ona kuwa ana karatasi. Wanafunzi huchanga, na wakati mwingine ni baba au mama anayetoa fedha, mtu anayekaa benchi la mbele kanisani. Mara nyingi karatasi hiyo ni feki, fedha imeliwa na usiku wa kusoma umepotea. Lakini hata ingekuwa ya kweli, Mithali 11 inasema wazi Bwana anaichukuliaje mizani ya udanganyifu: ni chukizo kwake. Cheti ni mizani. Mgonjwa anapomwamini tabibu, anaiamini mizani ile. Ukimnunulia mwanao alama ambayo hakuipata, umemwibia mtu ambaye bado hujamwona, aliyelala kitandani akisubiri dozi iliyopimwa sawasawa.

Pamoja na hilo, tuwe waangalifu na wanaouza kalamu zilizoombewa na mafuta ya kufaulia. Wanawali watano wapumbavu wa Mathayo 25 hawakukosa taa, walikosa mafuta, na usiku wa manane hapakuwa na wa kuwaazima. Maarifa nayo hayaazimwi usiku wa mtihani. Sala inampa mtoto utulivu wa kukumbuka alichosoma. Haimwandikii alichokwepa kukisoma.

Kanisa lifanye nini?

Basi ibada ya Oktoba ianze Januari. Kanisa lenye umeme au sola lifungue ukumbi wake jioni, kwani nyumbani kwa wengi taa ni moja na inagombewa. Mhudumu wa afya, mhandisi au mwanachuo aliye likizo aombwe Jumamosi mbili kwa mwezi aketi na watoto wa sayansi. Wazee wa kanisa wamtembelee mkuu wa shule ya jirani na kuuliza swali moja: maabara imepungukiwa nini? Huenda jibu likawa bureti mbili na chupa ya kiashiria, kiasi kisichofikia gharama ya maua ya sikukuu.

Wazazi nao watazame ratiba ya binti. Kaka yake akiwa na kitabu, yeye yuko kisimani, kisha jikoni, kisha anaosha vyombo, na kufikia saa tatu usiku anasinzia juu ya daftari. Kumwombea Jumapili na kumnyima muda Jumatatu ni kubomoa kwa mkono wa kushoto tulichojenga kwa wa kulia. Mgawanyo wa kazi za nyumbani ni jambo la kiroho pia.

Mwisho, tujiandae kwa siku ya matokeo. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, na Mei mwaka huo serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya. Waliolia Februari waligundua kuwa hata mizani ya mwanadamu hupimwa upya. Kwa hiyo kijana akirudi nyumbani na F ya Kemia, asikute mlango umefungwa. Anaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda ufundi. Thamani yake iliamuliwa siku aliyoumbwa, na kwa mwamini ilithibitishwa msalabani, wala hakuna msahihishaji aliyepewa kalamu ya kuifuta.

Wewe kijana unayesoma safu hii ukiwa na wiki chache mkononi, fanya hivi: chagua mada tatu unazoziogopa, tafuta maswali ya mitihani iliyopita, yajibu kwa maandishi kisha mpelekee mwalimu. Lala mapema siku ya kuamkia mtihani. Ingia chumbani, vuta pumzi, omba kwa ufupi, soma maelekezo mara mbili. Danieli alisimama mbele ya mfalme bila hofu kwa sababu miaka mitatu ilikuwa nyuma yake na Mungu alikuwa pamoja naye. Vyote viwili vilikuwepo.

Bwana awabariki watahiniwa wetu wote, na walimu wao. Jumapili njema.