Bomba la mafuta likivuja Biharamulo, nani atajua kwanza?

Wasomaji wa Ngara mtanisamehe, leo niko kwa majirani zenu. Bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linapita Biharamulo likiwa limefukiwa. Sasa jiulize: likitoboka huko chini, karibu na kisima chenu, utajuaje?

Njia ya kwanza ni hesabu tu: yaliyoingia toa yaliyotoka. Shida ni kwamba vipimo navyo hukosea kidogo. Tuseme bomba linapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Asilimia 1 ya hayo ni mapipa 2,160, yaani zaidi ya lita 340,000! Tundu dogo linaweza kujificha humo siku nyingi tu.

Ndiyo maana sambamba na bomba kuna mkongo, kama ule wa intaneti. Mwanga unatumwa ndani ya uzi wa kioo na sehemu yake ndogo inarudi. Uzi ukipata joto au mtikisiko, mwanga unaorudi unabadilika, na muda uliotumia unaonyesha ni wapi: kwenda kilomita 10 na kurudi ni kama sekunde 0.0001.

Mafuta haya yana nta, hivyo husafirishwa yakiwa na nyuzi joto 50 na zaidi yasije yakaganda. Yakivuja, udongo unapata joto na mkongo unasikia.

Ila mimi nisingeiachia mitambo peke yake. Yakipoa huganda, huenda usiyaone juu kabisa. Ukikuta majani yamekauka kwenye njia ya bomba au maji yananuka mafuta, usiwashe moto, sogea mbali, kamwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.