Viuavijasumu na Jinsi Vinavyofanya Kazi

Katika sura iliyotangulia tulijifunza kuwa bakteria ni viumbe wadogo mno wenye seli moja tu, wasioonekana ila kwa hadubini. Tuliona kuwa wengi wao hawana madhara. Baadhi hutusaidia: huozesha majani yakawa mbolea na hugeuza maziwa yakawa mtindi. Lakini wapo waletao maradhi kama kifua kikuu, kipindupindu, homa ya matumbo na kichomi. Katika sura hii tutajifunza juu ya dawa zinazowaua bakteria hao au kuwazuia wasizaane. Dawa hizo huitwa viuavijasumu. Tutaona kwamba kila kundi la dawa hizi lina mahali pake pa kumshambulia bakteria. Ndiyo maana hakuna dawa moja inayotibu kila ugonjwa.

Kuvu katika kisahani

Mwaka 1928 mwanasayansi Alexander Fleming alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya St Mary's, London. Kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria katika visahani vya kioo na kuwachunguza. Aliporudi kutoka likizo, alikuta kisahani kimoja kimeota kuvu, kama ile iotayo juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Mtu mwingine angalikitupa kisahani hicho. Fleming alikitazama kwa makini, akaona kwamba karibu na kuvu bakteria wote walikuwa wametoweka. Akatambua kuwa kuvu ilitoa kitu kilichowaua. Kwa kuwa jina la kisayansi la kuvu hiyo ni Penicillium, kitu hicho alikiita penisilini.

Fleming hakuweza kuitenga penisilini ikawa dawa safi. Kazi hiyo ilifanywa zaidi ya miaka kumi baadaye na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao katika mji wa Oxford, Uingereza. Mwezi Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria hatari. Wanne waliwapa penisilini, wanne hawakuwapa kitu. Kesho yake wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na wale waliopewa walikuwa hai.

Mwezi Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja aliyekuwa taabani kwa usaha uliomwenea usoni na mwilini. Baada ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa haba sana. Wanasayansi walikusanya hata mkojo wake ili waitoe tena penisilini iliyopita mwilini. Hatimaye dawa ikaisha. Bakteria waliobaki walizaana upya, na mwezi Machi askari yule akafariki. Kumbuka kisa hiki. Tutakirudia mwishoni mwa sura.

Bakteria ameumbwaje?

Ili tufahamu jinsi dawa inavyofanya kazi, yatupasa kwanza kujua sehemu za bakteria. Chora duara kubwa katika daftari lako, kisha uonyeshe sehemu hizi:

(a) Ukuta wa seli. Huu ni mgumu, nao humzunguka bakteria nje.
(b) Utando wa seli. Huu ni mwembamba, nao uko ndani ya ukuta.
(c) Ribosomu. Hizi ni chembe ndogo zinazotengeneza protini. Twaweza kuzifananisha na viwanda.
(d) DNA. Huu ni uzi mrefu uliobeba maagizo yote ya maisha ya bakteria. Bakteria akitaka kugawanyika kuwa wawili, sharti kwanza aunakili uzi huu.

Seli za mwili wa mwanadamu nazo zina utando, ribosomu na DNA. Lakini hazina ukuta, na ribosomu zake zina umbo tofauti na zile za bakteria. Tofauti hizi ndizo zinazotuwezesha kumpiga adui bila kumdhuru sana mgonjwa.

Makundi ya viuavijasumu

1. Dawa zinazobomoa ukuta
Penisilini na amoksilini ni za kundi hili. Fikiri juu ya gurudumu la baiskeli. Tyubu ikijazwa upepo haipasuki, kwa sababu tairi imeizuia. Tairi ikichanika, tyubu hutokeza nje na kupasuka. Bakteria yuko hivyo hivyo. Maji huingia ndani yake daima, lakini ukuta humzuia asipasuke. Penisilini huzuia kazi ya kuujenga ukuta. Bakteria anapokua, ukuta hupata udhaifu, maji humjaza, naye hupasuka na kufa. Dawa za kundi hili huua bakteria waletao mafindofindo, aina nyingi za kichomi, na kaswende. Baadhi ya watu hudhurika na penisilini: huvimba, huwashwa au hushindwa kupumua. Mtu wa namna hiyo lazima amwambie mganga kabla ya kupewa dawa.

2. Dawa zinazosimamisha viwanda vya protini
Hili ni kundi kubwa, nalo lina matawi kadhaa. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943 nchini Marekani na Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman, kutokana na bakteria wa udongoni. Ilikuwa kiuavijasumu cha kwanza kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu, maradhi ambayo penisilini haikuyaweza. Streptomaisini na ndugu yake jentamaisini huzifanya ribosomu zikosee kazi, hata protini zinazotoka ziwe mbovu. Dawa hizi hazipenyi vizuri kutoka tumboni kwenda katika damu. Kwa hiyo hutolewa kwa sindano. Zikizidi huweza kudhuru masikio na figo.

Tetrasaiklini na doksisaiklini huzuia malighafi ya protini isiifikie ribosomu. Hutumika dhidi ya bakteria wa aina nyingi, kama wale wa kipindupindu na tauni. Tetrasaiklini hutia madoa meno yanayokua, kwa hiyo watoto wadogo hawapewi. Eritromaisini na azithromaisini huziba njia ambayo protini mpya hupitia ikitoka katika ribosomu. Hutumika kutibu kifaduro, na azithromaisini hutumika pia kutibu trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu.

3. Dawa zinazozuia maagizo
Siprofloksasini huzuia kimeng'enya kinachokunjua uzi wa DNA. Uzi usipokunjuliwa hauwezi kunakiliwa, na bakteria hawezi kuzaa. Rifampisini huzuia maagizo ya DNA yasinakiliwe na kupelekwa kwenye ribosomu. Ni dawa muhimu sana ya kifua kikuu na ukoma. Mgonjwa anayeitumia huona mkojo wake umekuwa na rangi ya machungwa. Asiogope, hiyo ni rangi ya dawa.

4. Dawa zinazomnyima bakteria chakula
Bakteria wengi hujitengenezea kitu kiitwacho asidi ya foliki, ambacho ni lazima wapate ili wakue. Sisi hatuwezi kuitengeneza. Twaipata katika mboga za majani na vyakula vingine. Dawa za salfa huzuia bakteria wasiitengeneze. Dawa hizi hutengenezwa na wanakemia, hazitoki katika kuvu. Kotrimoksazoli ni mchanganyiko wa dawa ya salfa na dawa nyingine inayoziba njia hiyo hiyo mahali pa pili.

Kwa nini dawa moja haiui bakteria wote?

Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alivumbua njia ya kuwapaka bakteria rangi. Baadhi hushika rangi ya zambarau. Hao wana ukuta mnene. Wengine hubaki na rangi nyekundu hafifu. Hao wana ukuta mwembamba, lakini nje yake wana utando wa pili unaozuia dawa nyingi zisipenye.

Bakteria wa majipu na wa mafindofindo ni wa zambarau. Wa majipu hurundikana kama kichala cha zabibu, na wa mafindofindo hufuatana kama shanga katika uzi. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo ni wekundu. Penisilini ile ya kwanza huwapenya vizuri wengi wa zambarau, lakini haiwawezi wengi wa hao wekundu.

Bakteria wa kifua kikuu hana nafasi katika makundi haya mawili. Ukuta wake una mafuta mazito kama nta, naye huzaa polepole sana. Kwa sababu hiyo tiba yake ni ndefu, tena hutumia dawa kadhaa kwa pamoja. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Afrika Mashariki na wa Uingereza walifanya majaribio yaliyoonyesha kuwa rifampisini, ikiunganishwa na dawa nyingine, huweza kufupisha tiba kutoka miezi 18 hadi miezi 6. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma.

Je, virusi? Virusi hawana ukuta wala ribosomu zao wenyewe. Kwa hiyo viuavijasumu haviui virusi vya mafua wala vya surua. Malaria nayo haisababishwi na bakteria. Ina dawa zake.

Bakteria sugu

Katika hali nzuri baadhi ya bakteria hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Katika kunakili DNA mara nyingi hivyo, makosa madogo hutokea. Mara chache kosa humpa bakteria kinga. Wako wanaotoa kimeng'enya kinachovunja penisilini, wako wanaoitapika dawa nje, na wako waliobadilisha umbo la mahali dawa inapojishikiza. Tena bakteria huweza kupeana vipande vya DNA vyenye siri hiyo.

Tuseme mgonjwa ana bakteria milioni moja, na kati yao wawili wana kinga kidogo. Akinywa dawa pungufu, au akiiacha kabla ya wakati, wale dhaifu hufa na wale wawili hubaki. Nafasi na chakula chote sasa ni chao. Watazaana, na watakaofuata wote watarithi kinga ile. Mgonjwa akimwambukiza jirani, jirani ataugua ugonjwa ambao dawa ile haiponyi. Hao huitwa bakteria sugu. Fleming mwenyewe alitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain.

Askari yule wa Oxford alikufa kwa kuwa dawa haikuwepo. Leo dawa zipo, lakini tukizitumia ovyo tutarudi mahali alipokuwa: kitandani, na pasiwe na dawa ya kutusaidia.

Mambo ya kukumbuka

1. Tumia kiuavijasumu kwa agizo la mganga tu, baada ya kupimwa.
2. Maliza dawa kama ulivyoelekezwa, hata kama umepata nafuu.
3. Usiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya siku nyingine, wala usimpe mwenzako.
4. Nawa mikono kwa sabuni, kunywa maji yaliyochemshwa, na upate chanjo. Asiyeugua hahitaji dawa.

Jambo la kufanya

Chukua kipande cha mkate, kinyunyizie maji kidogo, ukitie katika chupa ya kioo na kuifunga. Kiangalie kila siku kwa muda wa wiki moja, na uandike rangi unazoziona. Usiifungue chupa, na usionje mkate huo. Kuvu uionayo si dawa. Nyingine zina sumu. Ukimaliza, mwombe mwalimu aichome au aifukie.

Maswali

1. Kwa nini Florey na wenzake waliwaacha panya wanne bila dawa?
2. Eleza jinsi penisilini inavyomuua bakteria. Kwa nini haipasui seli zetu?
3. Wako bakteria wachache wasio na ukuta kabisa. Je, penisilini itawaua? Toa sababu.
4. Bakteria mmoja akigawanyika kila baada ya dakika 20, watakuwa wangapi baada ya saa 3?
5. Jirani yako ana mafua, naye ataka umpe amoksilini iliyobaki nyumbani kwenu. Utamwambia nini? Toa sababu mbili.