Je, Wajua? Tegla, mwembamba aliyeambiwa hafai

Je, wajua kwamba Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda New York Marathon ni Tegla Loroupe wa Kenya, mwaka 1994? Binti huyu wa Kipokot alikuwa mfupi na mwembamba hata wakubwa wa riadha kwao walimwona hafai. Mwaka uliofuata akashinda tena.

Aprili 1998, kwenye marathoni ya Rotterdam, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akaivunja rekodi ya dunia ya Ingrid Kristiansen wa Norway iliyodumu miaka 13. Mwaka 1999, Berlin, akaipunguza kwa sekunde 4. Si haba!

Lakini kali zaidi ni Olimpiki ya Sydney, 2000. Usiku wa kuamkia marathoni chakula kilimdhuru tumbo; akakimbia hivyo hivyo, akawa wa 13. Siku chache baadaye akaingia uwanjani peku kwenye mita 10,000, akamaliza wa 5.

Taasisi yake ya amani, iliyoanzishwa 2003, huwashindanisha mbioni vijana wa Kipokot, Kiturkana na Kikaramoja, jamii zilizozoea kuporana mifugo kwa bunduki. Rio 2016 aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki: wanamichezo 10, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini walionolewa kambini kwake Ngong.