Kura Moja Ina Uzito Gani?

Kijana mmoja aliniuliza barazani: "Ami, nipoteze kibarua nikapange foleni, kura yangu moja itabadilisha nini?"

Swali lake si la kipuuzi. Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211. Kura ya kijana huyu peke yake isingebadilisha urais.

Lakini uchaguzi mkuu una karatasi sita. Mwakilishi wa wadi huchaguliwa na watu wachache zaidi, na ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti: maji, taa za mtaani, zahanati. Hapo kura moja huonekana.

Na mazungumzo ya barazani? Ukimshawishi jirani mmoja, kura yako imekuwa mbili. Haba na haba, ndugu zangu, hujaza kibaba.