Sakafu ya Saruji na Joto la Mtoto Mchanga
Katika nyumba za Bugarama, mkoani Kagera, sakafu ya saruji husafishika kwa urahisi, lakini usiku wa baridi hufyonza joto la mwili wa anayeilalia. Mtoto mchanga hupoa upesi kuliko mtu mzima. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 za Selsiasi, yumo hatarini.

Kinga haina gharama kubwa. Itandikwe nailoni kuzuia unyevu, kisha maboksi makavu yaliyokunjuliwa, halafu mkeka na blanketi. Hewa iliyonaswa kati ya matabaka hayo huhifadhi joto. Matandiko yaanikwe juani.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani: hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua waliolala. Mtoto aliyepoa awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe, na apelekwe kituo cha afya.