Kusumbuka, Kuwa na Wasiwasi na Kuwa na Mawazo: Tatizo Moja la Tafsiri

1. Utangulizi

Kijana wa Sange, mji mdogo ulioko katika bonde la Ruzizi kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira, hukutana na Kiingereza akiwa tayari ana lugha kadhaa. Nyumbani huenda akazungumza Kifuliiru, sokoni hutumia Kiswahili, na darasani husoma kwa Kifaransa. Kiingereza huja mwisho, na mara nyingi hukihitaji anapotafuta kazi ya ukalimani katika mashirika ya misaada. Hapo ndipo anapokabiliwa na swali linaloonekana jepesi: Mwingereza anaposema kuwa jambo fulani linamsumbua moyoni, Mswahili husemaje?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halina jibu la neno moja. Kiingereza huruhusu msemaji kuacha mengi bila kuyataja, ilhali Kiswahili humdai aseme usumbufu umetoka wapi na unahusu wakati gani. Mkalimani asiyeliona dai hilo huweza kupata jibu la swali ambalo hakuuliza.

2. Mwenendo wa vitenzi vya Kiingereza

Kitenzi ‘worry’ kina asili ya kale yenye maana ya kunyonga koo. Polepole maana hiyo ilihama kutoka mwilini hadi akilini. Leo kitenzi hicho huweza kuchukua viima vya aina mbili bila kubadilika umbo: jambo linaweza kumtia mtu wasiwasi, na mtu mwenyewe anaweza kuwa na wasiwasi juu ya jambo. Kitenzi ‘trouble’ kilipitia Kifaransa cha zamani kutoka katika Kilatini, na mzizi wake unahusu maji yaliyovurugwa hadi yakawa na tope.

Kitenzi ‘bother’ kina upana mkubwa zaidi katika mazungumzo ya kila siku. Mwingereza hukitumia kwa goti linalouma, kwa inzi wanaomzonga, na kwa uongo alioambiwa na rafiki. Tukijaribu kuzifasiri hali hizo tatu, Kiswahili hutengana njia:

(a) Goti linanisumbua.
(b) Inzi wananisumbua.
(c) Inaniuma kwamba alinidanganya.

Katika (a) na (b) kitenzi sumbua kinatosha. Katika (c) msemaji wa Kiswahili huchagua inaniuma, inanikera au inaniudhi, kulingana na kiasi cha uchungu au hasira aliyo nayo. Akisema tu inanisumbua, ataeleweka, lakini msikilizaji atahisi kwamba jambo lenyewe bado linamzunguka kichwani, si kwamba limemjeruhi.

3. Makundi manne ya Kiswahili

Kundi la kwanza ni la usumbufu. Hapa mnyambuliko hufanya kazi ambayo Kiingereza huiachia muktadha: sumbua humtaja msababishi kuwa kiima; sumbuka humtaja anayepatwa; sumbuliwa na huwataja wote wawili. Ni muhimu kukumbuka kwamba kauli hii ya mwisho ndiyo itumikayo sana kwa maradhi, kama katika anasumbuliwa na malaria. Karibu na kundi hili kuna hangaika, kitenzi kinachobeba pamoja kutotulia kwa akili na kutotulia kwa miguu. Mama anayehangaikia watoto wake hawazi tu, bali pia anatafuta.

Kundi la pili ni la wasiwasi. Neno hili limetokana na Kiarabu, na asili yake ni mnong’ono. Mtu mwenye wasiwasi ni kama mtu anayenong’onezwa kuwa baya linakuja. Kiswahili huufanya wasiwasi kuwa kitu kinachotoka nje na kumwingia mtu au kumkamata: husemwa ameingiwa na wasiwasi, ameshikwa na wasiwasi, habari ile ilimtia wasiwasi. Mwishowe hubaki nao: ana wasiwasi.

Kundi la tatu ni la mawazo. Umoja wake, wazo, hauna madhara yoyote, kwani ni jambo lililofikiriwa tu. Lakini ukiambiwa kwamba mtu ana mawazo, unaelewa kwamba amelemewa. Katika Kiswahili cha Bukavu na cha bondeni tunasikia iko na mawazo mingi. Upatanisho wa kisarufi unatofautiana na ule wa Kiswahili sanifu, lakini maana ni ileile.

Kundi la nne ni la tata. Uzi uliojifunga wenyewe ni tata. Kutokana na mzizi huo tunapata tatiza, utata na matata, na pia tatua, yaani kufungua kilichojifunga. Basi suala linalonitatiza ni lile nisiloweza kulielewa au kulifumbua, hata kama halinitii hofu wala huzuni.

4. Suala la wakati

Tofauti iliyo rahisi kupuuzwa ni ile ya wakati. Wasiwasi kwa kawaida hutazama mbele: mtihani, safari, matokeo ya vipimo. Mawazo huweza kutazama mbele pia, lakini mara nyingi hubeba yaliyokwisha kutokea au hali inayoendelea: msiba, deni, ndoa iliyovunjika. Mjane aliyemzika mumewe hivi karibuni ana mawazo, na akianza kufikiria karo ya watoto, hapo ataingiwa na wasiwasi.

Tofauti hiyo huonekana pia katika kufariji. Mwingereza ana maneno machache yanayomtosha kwa kila hali ya kumwambia mwenzake asihangaike. Mswahili hutenganisha. Kwa kosa dogo, kama kumwagiwa maji, hujibu usijali. Kwa jambo linalongojewa husema ondoa shaka au usiwe na wasiwasi. Kwa lililokwisha kumpata mtu husema pole. Kumwambia mfiwa usijali ni kama kumwambia kwamba kifo kile hakikuwa na thamani.

5. Uzito wa suala hili

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo Sange, mafuta yakamwagika, kisha moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 200. Baada ya misiba ya namna hiyo, na baada ya vita vya miaka mingi katika Kivu, wahudumu wa afya na watafiti huja na orodha za maswali zilizoandikwa kwanza kwa Kiingereza au Kifaransa, na mkalimani hutakiwa kuzifasiri papo hapo.

Tuseme swali la asili linataka kujua ni jambo gani linalomkosesha mtu raha moyoni. Mkalimani akiuliza unasumbuliwa na nini?, huenda akajibiwa kuwa ni kichwa, mgongo au homa, kwa sababu ndilo swali linaloulizwa zahanati. Jibu ni la kweli, lakini fomu itaonyesha kwamba mtu huyu ana maradhi ya mwili peke yake. Akiuliza una wasiwasi gani?, ataambiwa habari za kesho: usalama wa njia, mavuno, chakula. Akiuliza una mawazo gani siku hizi?, hapo ndipo huenda waliofariki wakatajwa. Swali la kigeni lilikuwa moja, lakini majibu ni matatu, na msaada utakaotolewa utafuata jibu lililoandikwa.

6. Hitimisho

Tunapendekeza kwamba mwanafunzi wa tafsiri, kabla ya kuteua neno, ajiulize maswali matatu. Kwanza, je, kinachomsumbua mtu kiko mwilini, kiko kwa mtu mwingine, au kiko ndani ya fikra zake? Pili, je, kimekwisha kutokea au kinangojewa? Tatu, je, kinamwumiza au kinamshinda tu kukielewa? Pale ambapo matini ya asili haisemi, mkalimani na amwulize aliyeiandika. Na kama hayupo wa kuulizwa, ni heri kuuliza kwa Kiswahili maswali mawili, la mwili na la mawazo, kuliko kuuliza moja linalofuata sentensi ya kigeni neno kwa neno na kumwacha mhojiwa bila nafasi ya kusema lililomleta.